Sinema yangu ya himoglobini (na kizunguzungu cha darasa zima)

Najua nimeadimika kama bumu la mwezi wa kumi na moja. Si unajua tena mwaka wa mwisho: projekti, mitihani, foleni ya kuprinti, halafu ghafla umeshamaliza na hujui muda ulienda wapi. Wengi wenu mmeniuliza ile sinema yangu iliishia wapi, maana mara ya mwisho mliniona nimekumbatia laptopu saa nane za usiku kwenye korido, nikifuata soketi yenye umeme. Leo nina nafasi, ngoja niwasimulie. Mnaosoma sheria na biashara msikimbie, nitakwenda taratibu.

Projekti yangu ilikuwa kutengeneza filamu fupi ya kompyuta inayoonyesha himoglobini ya mgonjwa wa selimundu. Basi. Hakuna kuchanganya kemikali, hakuna panya. Wenzangu walinicheka kwamba nimechagua kazi ya kukaa. Sikuwaambia sababu, nawaambia leo. Nyumbani Mwanza nina wadogo zangu mapacha, wana miaka kumi na miwili. Doto ni mzima, anaruka kamba mpaka giza linaingia. Kulwa ana selimundu. Toka akiwa mdogo nimemwona anakunja magoti kitandani anauma shuka ili Mama asisikie. Nilipopata nafasi ya kuchagua mada, sikuchagua kwa muda mrefu.

Sasa sayansi kidogo. Himoglobini ndiyo protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Ina minyororo minne, miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja na miwili ya beta yenye 146. Jumla 574. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu yenyewe ni tofauti, na miaka michache baadaye, 1956 na 1957, Vernon Ingram akagundua tofauti yenyewe ni nini: kwenye mnyororo wa beta, nafasi ya 6, asidi glutamiki imetolewa ikawekwa valini. Asidi moja tu kati ya 146! Glutamiki ina chaji na inapenda maji. Valini haina chaji na inayakimbia maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni yake, valini ya molekuli moja inapata kishimo kwenye molekuli ya jirani, kati ya fenilalanini ya 85 na lusini ya 88, inaingia humo. Jirani naye anamshika jirani yake, na hivyo hivyo, mpaka inakuwa kamba ngumu yenye nyuzi 14 zilizosokotwa kwa jozi. Kamba hizo ndizo zinazoikunja seli ikawa kama mundu. Seli iliyokunjwa inakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo Kulwa anauma shuka.

Kishimo hicho ndicho nilitaka watu wakione. Ramani ya atomi zake ipo wazi mtandaoni kwenye hifadhi ya protini ya dunia, faili linaitwa 2HBS, ni la mwaka 1997. Unalishusha bure. Programu niliyotumia ni PyMOL, aliyoianzisha Warren DeLano na kuitoa mwaka 2000 huku msimbo wake ukiwa wazi kwa kila mtu. Alifariki 2009 akiwa bado kijana, na mpaka leo kuna toleo huria ambalo mwanafunzi asiye na senti anaweza kulitumia. Mimi ni shahidi.

Basi bwana. Kufungua faili ni dakika moja, kupaka rangi ni dakika kumi. Nikadhani nimemaliza. Kilichobaki ni kamera tu, nikasema, kamera si kitu.

Loh!

Sinema yangu ya kwanza ilikuwa ya sekunde 20. Fremu 25 kwa sekunde, jumla fremu 500. Nilikuwa nimeangalia matangazo mengi ya dawa kwenye televisheni, nikataka kitu cha namna ile: kamera inatoka mbali, inazunguka molekuli mara tatu, inapiga mbizi katikati, inatokea upande wa pili, inageuka, paa, valini hiyo hapo inang'aa. Chumbani waliniambia ni kali. Rumi wangu, anayesoma uhasibu, alipiga makofi.

Siku ya seminari nikaiwasha. Ilipoisha, darasa kimya. Msichana mmoja wa mbele ameshika paji la uso. Kisha mshkaji mmoja akanyoosha mkono: "Samahani, kwa hiyo ndani ya damu inazunguka kwa kasi hiyo?"

Nikajibu hapana, hiyo ni kamera. Akauliza tena: "Na ile iliyokuwa inafunguka katikati?" Hapo sikuelewa anasema nini, kwa sababu hakuna kitu kilichokuwa kinafunguka. Msimamizi wangu, mzee mpole ambaye hajawahi kupaza sauti tangu nimjue, akasema, "Binti, irudishe mwanzo. Isimamishe popote." Nikasimamisha. Akauliza darasa, "Tupo wapi sasa hivi?" Hakuna aliyejua. Akanigeukia, "Na wewe?"

Wadau, na mimi sikujua. Molekuli niliyokaa nayo miezi miwili!

Tulipotoka akaniita pembeni. Akaniambia kitu ambacho nimekiandika ukutani juu ya kitanda: mtazamaji haoni kamera, anaona mwendo. Ukisogeza kamera ataamini molekuli ndiyo imesogea, labda umpe sababu ya kuamini vinginevyo. "Umewaonyesha vitu vitatu ambavyo havipo," akasema, "na kile kimoja kilichopo hawakukiona."

Nikarudi chumbani nimenuna. Lakini nilipotulia nikaanza kujifunza kamera kama mtu anayejifunza kuendesha gari, na kwa faida ya watakaonifuata naandika hapa nilichokikuta.

Cha kwanza, ndani ya PyMOL kuna amri mbili ambazo kwenye skrini zinafanana kabisa: turn na rotate. Ukiandika turn, kamera inazunguka, molekuli imekaa kimya. Ukiandika rotate, kamera imekaa kimya na atomi zenyewe zinahamishwa, namba zao kwenye ramani zinabadilika. Kwa macho hutofautishi. Nilikuja kujua kwa aibu. Kwenye toleo la pili nilitaka valini iwaangalie watazamaji vizuri, nikaizungusha himoglobini moja kwa nyuzi 40 kwa rotate, ile ya jirani nikaiacha. Ikapendeza sana. Msimamizi akaangalia akaniuliza swali moja tu: "Pima umbali kati ya valini na fenilalanini." Nikapima. Umbali ulikuwa umeongezeka mara kadhaa. Nilikuwa nimeing'oa valini kutoka kwenye kishimo chake kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikaweka mshale unaosema "valini ikiwa ndani ya kishimo". Yaani ningeweza kupeleka ule uongo nyumbani kwa Mama na nikaapa ni sayansi.

Cha pili, mtazamo wowote wa kamera ni namba 18. Unaandika get_view, programu inakupa namba 18 kwa mistari. Tisa za kwanza zinasema kamera imegeukia wapi. Tatu zinazofuata zinasema kamera iko umbali gani na kitu. Tatu nyingine ni ile nukta ambayo kila kitu kinazunguka kuizunguka. Mbili ni ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma. Ya mwisho ni ya namna ya kutazama, kama vitu vya mbali vionekane vidogo au vilingane na vya karibu. Ukizinakili ukazibandika na set_view, unarudi palepale, hata baada ya mwaka, hata kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Niliponunua daftari dogo la kuandika mitazamo yangu wenzangu wakadhani nimeanza kubeti.

Zile za nukta ya mzunguko ndizo zilizonipoteza mwanzoni. Nilikuwa nimesogelea valini lakini nukta ya mzunguko imebaki katikati ya molekuli nzima. Kwa hiyo kila nikizungusha kidogo, valini inafagiliwa inatoka nje ya skrini kama mtu aliyesimama ukingoni mwa bembea. Dawa yake ni kuhamishia nukta ile kwenye valini kabla hujazungusha chochote. Dakika moja, na nilikuwa nimepoteza wiki.

Cha tatu ni zile kuta mbili. Kamera ya kompyuta ina kisu mbele na kisu nyuma, na chochote kilicho nje ya visu hivyo hakionekani. Mimi nilikuwa nimevibana visu ili kishimo kionekane safi mwishoni. Programu inapojaza fremu za katikati, kutoka mtazamo wa mbali mpaka wa karibu, inavisogeza na visu navyo taratibu. Kumbe njiani kisu cha mbele kilikuwa kinaikata himoglobini kama nanasi! Hicho ndicho mshkaji alichokiona "kinafunguka". Nikaviachia visu viwe mbalimbali muda wote, na sehemu zinazoziba nikazififisha polepole ziwe kama kioo. Kitu kikififia, mtu anajua kipo bado.

Sasa mtu atauliza, kama kamera ina matatizo yote hayo, si uiache isimame tu? Nilijaribu, nimenuna kama nilivyosema. Ikawa picha bapa. Skrini haina kina. Atomi iliyo mbele na iliyo nyuma zinaonekana zimegusana wakati kati yao kuna nafasi ya kutosha. Ukisogeza kamera kidogo tu, ya mbele inakimbia kuliko ya nyuma, na ubongo unaelewa papo hapo. Hili si jipya. Miaka ya 1960 kule MIT, Cyrus Levinthal na wenzake walipochora molekuli kwenye skrini kwa mistari mitupu, waliweka tufe la kushikwa kwa mkono ili mtu aizungushe mchoro na kukiona kina. Ukiacha kuzungusha, unabaki na fujo ya mistari.

Kwa hiyo kamera lazima isogee. Swali ni lini, na kwa ajili gani. Nikajiwekea sheria moja: vitu viwili visisogee kwa wakati mmoja. Kamera ikisogea, molekuli isimame na rangi zisibadilike. Kitu kikibadilika kwenye molekuli, kamera isimame. Na kila mwendo wa kamera niweze kuusemea kwa sentensi moja, "nakupeleka pale" au "nakuonyesha kina". Nisipoweza, naufuta. Ule mzunguko mara tatu ukafutika. Kupiga mbizi kukafutika. Niliumia, nakiri.

Sinema mpya ikawa sekunde 40. Valini niliipaka njano toka fremu ya kwanza, ikiwa bado nukta ndogo kwa mbali, ili mtu aishike kwa macho na asipotee njiani. Sekunde sita za mwanzo tuko mbali, tunaona safu mbili za himoglobini zimepangana, kamera inayumba kidogo kushoto na kulia. Kisha sekunde nane za kusogea kwa himoglobini mbili tu, moja rangi ya tofali, nyingine rangi ya bluu. Mwendo unaanza polepole na kumaliza polepole, kama dereva mwenye abiria waliosimama. Tunasimama sekunde sita. Majirani wanafifia. Tunasogea tena sekunde nane mpaka kwenye kishimo. Halafu sekunde kumi na mbili hatuendi popote, kamera inayumba nyuzi 12 tu, valini imekaa katikati, fenilalanini upande huu, lusini upande ule.

Fremu 1,000. Laptopu yangu ilikuwa inachukua sekunde kama 18 kuchora fremu moja kwa ubora, piga hesabu mwenyewe, ni saa tano. Umeme ulikatika fremu ya 870 na betri yangu ni ya marehemu. Nikaanza upya kesho yake usiku. Ndiyo ile siku mliyoniona koridoni.

Seminari ya mwisho ilipita vizuri, sitawachosha nayo. Yule mshkaji aliuliza swali kuhusu lusini, basi nikajua ameiona.

Nikapanda basi Mbezi alfajiri, nikafika Mwanza usiku miguu imevimba. Siku ya tatu baada ya chakula cha jioni nikaiweka laptopu juu ya stuli. Mama, Kulwa, Doto, na jirani mmoja aliyekuja kuomba chumvi akakaa. Nikaiwasha. Nikawaacha waangalie bila maneno, kama msimamizi alivyonishauri.

Ilipoisha Mama akauliza, "Hicho cha njano ndicho kinachomtesa mwanangu?"

"Ndicho, Mama. Hicho kimoja."

Mama hakusema kitu. Akaomba irudiwe. Kulwa akasogeza kiti. "Dada, simamisha hapo. Naweza kuishika mimi?"

Nikafungua molekuli yenyewe nikampa kipanya. Jamani! Nilihangaika na kamera miezi minne, mtoto akaichukua kwa dakika moja. Akazungusha, akarudi nyuma, akasogea, akaipeleka chini akaangalia kwa chini. Hakupotea hata mara moja, kwa sababu njano anaijua. Sinema ilikuwa imemfundisha njia, sasa anatembea mwenyewe.

Doto akanuna kidogo. "Na ya kwangu iko wapi?"

Swali la haki kabisa. Doto alipimwa, yeye ni AS kama Mama, ana aina zote mbili. Usiku ule nikashusha faili jingine kwa bando la Mama, 2HHB, himoglobini ya kawaida isiyo na oksijeni. Hilo la kutokuwa na oksijeni ni muhimu, kwa sababu himoglobini ikibeba oksijeni inabadilika umbo, na ningekuwa nalinganisha mtu aliyekaa na mtu aliyesimama. Nikailaza juu ya ile ya Kulwa ikalingana, nikazitenganisha kwenye picha mbili, na zote nikazibandikia namba 18 zilezile. Kamera ileile, umbali uleule, visu vilevile. Ukilinganisha vitu viwili kwa kamera mbili tofauti unaweza kuonyesha tofauti yoyote unayoitaka. Kwa kamera moja, tofauti inayobaki ni ya vitu vyenyewe.

Asubuhi nikawaonyesha. Kushoto ya kawaida, kulia ya selimundu. Doto akaziangalia muda mrefu, akasema, "Zinafanana." Nikamwambia aangalie penye njano. Upande mmoja glutamiki imenyoosha mkono wake nje kwenye maji. Upande mwingine valini fupi. "Hiyo tu?" Hiyo tu. "Na mimi ninazo zote mbili?" Unazo zote mbili.

Kulwa alikuwa kimya. Mwalimu mmoja shuleni kwao aliwahi kumwambia mbele ya darasa kwamba anajidekeza, na sisi nyumbani, bila kujua, tulikuwa tunamwambia kila akiumwa, "Ulicheza sana," "Hukunywa maji," "Hukuvaa sweta." Kila maumivu tulikuwa tunamtafutia kosa lake. Akaigusa skrini pale kwenye njano kwa kidole.

"Kwa hiyo hii nilizaliwa nayo."

"Ndiyo."

"Siyo mimi niliyefanya."

"Siyo wewe, Kulwa."

Mama akatoka nje akaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Aliporudi macho mekundu akasema ni moshi, kisha akampa Kulwa kidonge chake cha haidroksiyurea na kikombe. "Siyo wewe uliyefanya, nimesikia. Lakini maji utaendelea kunywa." Kulwa akanywa yote.

Ndiyo hayo wadau. Projekti ilipata alama nzuri, asanteni mlioniombea na mlioniazima chaja. Namba zangu 18 za kishimo ninazo kwenye daftari, anayezitaka anitafute, nitampa bure. Nikienda tena nyumbani Kulwa ameniagiza nimtafutie faili la malaria aione na yenyewe, na Doto anataka la nywele.

Ngoja nikaoge kabla maji hayajakatika. Tuonane.